Ramani ya Bwana Pell

Desmond Pell amekufa, na binti yake Jennifer anawaambia watu wa Doha kwamba baba yake aliipenda Kenya. Aliipenda, ndiyo, kama mtu anavyolipenda koti alilomvua mwenzake.

Alizaliwa Uingereza, mtoto wa muuza nyama. Mwaka 1947, baada ya vita, wakubwa wao waliwagawia askari kama yeye ardhi ambayo haikuwa yao, naye akapata ekari mia nane kule Molo, Kenya. Akapanda pareto, maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Waliovuna ni wengine. Mwaka 1963 aliuza shamba, akalipwa vizuri, akarudi kwao. Alipozeeka, Jennifer, mwalimu kule Doha, Qatar, alimpeleka nyumbani kwake mtaa wa Abu Hamour akatafuta Mkenya wa kumuuguza. Nikaenda mimi, Peninah, mwaka 2011.

Siku moja nilimtajia mama yangu, aliye Kenya, jina la shamba hilo kwenye simu. Akaanza kulia. Baba yake, Mwaura, aliendesha mkokoteni wa ng'ombe kwenye shamba hilohilo. Mwaka 1953 mkokoteni ulipinduka ukamuua, akazikwa hukohuko. Wiki iliyofuata, kwa sababu ya vita vya Mau Mau, Wakikuyu wote walipakiwa kwenye malori wakafukuzwa. Mama alikuwa na miaka sita, na kaburi hakuliona tena.

“Muulize huyo mzee wako baba yangu alizikwa wapi,” aliniambia. “Kabla afe. Kabla mimi nife, Peninah.”

Nilimuuliza Bwana Pell asubuhi, akili yake ikiwa imetulia, kuhusu makaburi ya shambani. Alifurahi! Akanituma kabatini nikalete ramani ya shamba aliyoichora kwa mkono wake. Nikatafuta jina la babu. Kando ya nyumba kulikuwa na misalaba midogo saba, kila mmoja na jina lake na tarehe.

“Hii Bella,” alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha watu. “Mbwa mzuri sana. Hii Captain. Nyoka nauma yeye.” Machozi yakamlengalenga.

“Na Mwaura, Bwana? Yule aliyeuawa na mkokoteni?”

Alifikiri. “Ng'ombe mbili navunja mguu,” akasema. “Mwaka mbaya.”

“Nauliza mtu, Bwana. Alizikwa wapi?”

“Mimi hapana jua. Hiyo shauri ya nyapara.”

Hasira ilinipanda. Mbwa saba, na tarehe zao! Nilichukua kalamu yake. Kwa kuwa hakujua ni wapi, niliandika MWAURA kwa herufi kubwa, kutoka mpaka hadi mpaka, juu ya pareto, juu ya nyumba yake, juu ya Bella na Captain.

Jennifer alipoiona alipiga kelele kwamba nimeharibu historia ya familia yao. Nilimwambia historia hiyo ni yetu pia. Wiki hiyohiyo alifuta viza yangu.

Nilimpigia mama nikiwa uwanja wa ndege.

“Umejua ni wapi?” aliuliza.

“Hapana, Mum. Hata hakumbuki kama kulikuwa na mtu. Lakini wakifungua ile ramani sasa, lazima wamsome.”