Kupandisha Unga Mlimani

Kwetu unga wa tambiko hautuliwi njiani. Ukishajitwika pale chini ya mlima, ni mpaka kileleni, kwenye mti wa msolo walipozikwa wazee wa upande wa mama. Ukigusa udongo kabla ya hapo, basi tena, mnarudi nao nyumbani mkasonge ugali.

Miaka yote aliyeupandisha alikuwa dada yangu mkubwa. Magoti yalipomshinda, miaka ya tisini hiyo, kazi ikaniangukia mimi, nami nilikuwa na wajukuu tayari. Mjomba wetu, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameshauchoka ule mlima. Akasema, "Mwaka huu tujaribu. Unga ukianguka, basi. Tutakuwa tunamwaga hapahapa uani, wazee watatufuata."

Mimi nikawaza, bibi zangu waje uani, wagombanie unga na kuku? Nikasema moyoni, utafika.

Tulitoka Marambo, tukalala kwa ndugu upande wa Ruangwa, alfajiri tukasoma dua tukaanza. Wote tuliokuwa nao nawakumbuka kwa majina, wao na mama zao, ila siwataji, wengine wameshatangulia. Aliyenitesa ni mtani wetu, mzee wa ukoo jirani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana hata msibani, na akikwapua kitu chako ni chake mpaka umkomboe.

Kikapu kilikaa kichwani juu ya kata ya khanga. Mwanzo njia ilikuwa ya mbuzi tu, nikaenda vizuri. Baadaye ikasimama kama ukuta, pumzi ikawa inatoka kwa kuvutwa.

"Bibi, jasho hilo!" mtani akapaza sauti kutoka mbele. "Tutafika na uji."

"Wewe utafika maiti, na wa kukubeba hayupo."

"Nikifa nizikeni na huo unga. Kule kuna wanawake wanaojua kupika!"

Nilicheka, kikapu kikayumba, nikamlaani yeye na ukoo wake.

Karibu na juu kuna mwamba mpana, asubuhi una umande, unateleza. Wenzangu waliupanda kwa mikono miwili. Mimi mkono mmoja ulikuwa kikapuni. Nilifika katikati, mguu ukaniponyoka, nikapiga magoti, nikang'ang'ania mzizi. Kupanda siwezi, kushuka siwezi, na kikapu kinaanza kuinama. Ukishajitwika, ndugu mwingine wa damu haruhusiwi kukigusa, kwa hiyo wote wakabaki kunitazama.

Mjomba akasema kwa upole kutoka chini, "Tua tu, mwanangu. Umejitahidi."

Nikajua nikitua nimeutua na mlima wenyewe. Nikainua macho. Mtani alikuwa amechuchumaa juu ya mwamba.

"We mwizi mtoto wa mwizi," nikamwambia, "leo umeokoka? Huibi?"

Akaangua kicheko, akalala kifudifudi, akanyoosha mkono na kunyakua kikapu kichwani kwangu. "Changu hiki!" Akakimbia nacho. Nami, mikono yote huru, nikaupanda ule mwamba kwa magoti na viwiko nikimfukuza.

Kileleni nilimkuta amekipakata kama mtoto.

"Jogoo," akasema.

"Kifaranga."

"Jogoo, yule mwekundu."

"Mchukue, na mifupa yake ikukwame!" Akanirudishia kikapu.

Mjomba alipofika alihema kwanza. Tukamngoja. Akasema, "Mtani akiiba, hiyo si kutua," akaashiria niendelee.

Nikaumwaga unga taratibu kwenye shina la msolo. Ukipokelewa husimama na ncha, ukikataliwa hubomoka. Ulisimama. Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikakaa chini, nimeshiba furaha.

Tulikula mihogo ya kuchemsha tukitazama mikorosho huko bondeni na mabati ya Ruangwa yanang'aa. Mjomba alitafuna mpaka kipande cha mwisho. Alipomaliza akajifuta mikono, akaniambia, "Mwakani tutoke mapema kidogo. Jua la kushukia ni kali."