Msumari wa Tasbihi ya Mama

Msumari ule niliupigilia mimi, juu ya prizi ya frigo, pale waya unapochomekwa ukutani, nyumbani kwa mama yangu, mtaa wa Buyenzi, Bujumbura. Nausema mapema kwa sababu ndio uliokuja kunichoma.

Shule niliiacha darasa la sita nikaanza kutembea: Rumonge, Uvira, Kigoma, nyumbani kidogo, halafu safari tena. Nimebeba mizigo, nimepaka rangi mitumbwi. Uvira nilikaa miezi mbele ya kibanda cha fundi wa mafrigo. Hakuniajiri wala hakunifundisha kazi. Ni kwamba mimi siwezi kupita mahali mashine imefunguliwa. Fundi yule alichoka na maswali yangu, lakini aliyajibu. Alinieleza kwamba umeme ukikatika na kurudi, frigo huuawa na mambo mawili. La kwanza ni umeme wenyewe: unarudi kwa nguvu, unayumba, halafu ndio unatulia. La pili ni haraka ya mwenye nyumba. Gesi ndani bado imebanwa, na mota ikilazimishwa kuanza inakaza bila kuzunguka, inapata moto mpaka inaungua. Basi ukikatika chomoa, akasema, na ukirudi ngoja dakika tano.

Frigo ya kwanza ya mama ilikuwa imekufa hivyo hivyo, mimi nikiwa mbali. Mama anauza juisi ya ukwaju na ya tangawizi kwa mafundi wa garaji za mtaa wetu, na juisi isiyo baridi hawaitaki. Alipopata frigo ya pili, nilifika na habari ya dakika tano kama mtu aliyekuja na zawadi. Ila mama hana saa, na simu haipendi. Tukajaribu tasbihi yake. Alizungusha shanga zote tisini na tisa mara tatu, taratibu, nami nikahesabu kwenye simu: dakika tano na kidogo. Siku hiyohiyo nikapiga msumari, tasbihi ikatundikwa pale.

Tangu hapo umeme ukikatika alichomoa. Ukirudi alikaa kwenye kigoda, akazungusha mara tatu, ndipo akachomeka. Nikiwa Kigoma, nikisikia kwamba Bujumbura hakuna umeme, nilijua kuna mtu kule anafanya jambo nililomfundisha mimi. Nyumba ile sikuwa nimeipa kitu kingine chochote.

Safari hii niliporudi, nilikuta kisanduku cheupe kimening'inia kwenye msumari wangu. Waya wa frigo umeingia kwenye kisanduku, na wa kisanduku kwenye prizi. Tasbihi ilikuwa kwenye rafu, katikati ya vikombe.

"Nani ameweka hii?"

"Mukwe wangu," mama alisema, kwa sauti ambayo sijawahi kusikia akinitaja nayo. "Ni regulateri. Umeme ukizidi, inakata. Ukipungua, inakata. Ukirudi inangoja yenyewe, taa ya njano, halafu ya kijani. Mi sichomoe tena kitu. Nakaa tu kama bibi harusi."

"Na kungoja kwetu kwa tasbihi?"

"Kulikuwa kuzuri, baba. Ila magoti yangu yamechoka kuinama kwa hiyo prizi."

Shemeji yangu, mume wa dada, anauza vipuri vya magari na anaishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hajawahi kulala nje ya Bujumbura, nadhani, na kila kitu cha pale kwetu kina mkono wake: bati jipya la jikoni, kitasa cha mlango. Bati sikuwahi kulionea wivu. Frigo ilikuwa yangu. Alipokuja kunisalimia alinikumbatia kwa furaha ya kweli, akasema:

"Shemeji! Nimetumia musumari wako. Uko na nguvu, hautingishike!"

Nikacheka naye. Na mafundi waliokuja kunywa juisi hawakunihurumia. "We musafiri," mmoja aliniita, "mashine imechukua kazi yako! Sasa unafanya nini hapa?" Wenzake wakajipiga mapaja kwa kicheko.

Mchana ule nilitoa karatasi ya maelezo iliyokuwa bado imefungwa ndani ya boksi. Kila karatasi naisoma, hata iliyofungiwa karanga. Ilikuwa Kifaransa, herufi kama mchanga, lakini nilifika mwisho. Nikajua kwamba nyuma ya kisanduku kuna kibonyezo: kikiwa nje, mashine inangoja dakika tatu kabla ya kuipa frigo umeme, kikiwa ndani, sekunde sita tu, kwa ajili ya televisheni na redio.

Nikamwendea mama. "Inangoja dakika tatu tu. Mimi nilikupa tano."

"Basi imekushinda mbio," alisema, na mwiko wake ukaendelea kuzunguka.

Nikarudi kwenye kisanduku, nikapeleka mkono nyuma, nikabonyeza.

Nilijiambia kwamba sitaki frigo ife. Nilitaka tu mashine ijikwae mbele ya watu, mama aseme ah, afadhali ile ya mwanangu. Lakini nilijua mota ikilazimishwa inapatwa na nini. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyejua kuliko wote.

Siku mbili baadaye, asubuhi kazi zimepamba moto, umeme ukakatika. Mafundi watano walikuwa wamekaa barazani wakisubiri juisi. Ukarudi mkali hata balbu ikawa nyeupe, ukazima, ukarudi, ukazima tena. Kisanduku kilikata kila mara, sawasawa, lakini kila umeme uliporudi kilihesabu sekunde zake sita na kufungulia frigo. Mota ikanguruma, ikakwama, ikafanya tak. Tena ikanguruma, tak. Harufu ya moto ikaanza kutoka nyuma ya frigo, nami nimesimama palepale.

Mama aliacha tangawizi kwenye kinu akaja mbio, na magoti yake yale. Akachomoa. Akanyoosha mkono kwenye rafu, vikombe viwili vikaanguka, akatoa tasbihi na kukaa. Sijawahi kuona shanga zikienda polepole namna ile. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Katika wa tatu nilianza kuomba na mimi, na sikuomba kuhusu mashine.

Balbu ilikuwa imerudi na kutulia. Akachomeka waya wa frigo moja kwa moja kwenye prizi. Kimya. Halafu mota ikashika, ikaendelea, mmm, kama kawaida. Barazani mtu akasema alhamdulillahi.

Shemeji alikuja kutoka dukani na mafuta mikononi. Alishusha kisanduku, akakigeuza, kidole chake kikasimama nyuma. Akanitazama, kidogo tu.

"Mama, nisamehe," alisema. "Kosa ni yangu. Kuna kitu ya nyuma sikuiangalia."

"Kama si hii tasbihi, leo nalia," mama alisema.

"Nani alikufundisha kungoja hivyo?" shemeji aliuliza, kama asiyejua.

"Si huyu!" Akanishika mkono mbele ya mafundi wote. "Huyu mutoto wangu. Alitoka nayo Uvira."

Sifa niliyoingoja miaka yote ikanijia pale, na sikuwa na pa kuiweka. Nilimfuata shemeji mpaka nje.

"Kibonyezo nilikibonyeza mimi."

"Najua. Ile karatasi niliileta imefungwa. Nani mwingine hapa anasoma makaratasi?"

"Mbona hukusema?"

"Angekufukuza. Halafu dada yako analia, na anayesikia kilio ni mi." Akafuta mikono kwenye suruali. "Ukirudia, shemeji, nitakufukuza mi mwenyewe." Akaenda zake dukani.

Ningependa kuandika kwamba wivu uliisha pale. Ulipata chakula kipya: sasa namwonea wivu hata kwa namna alivyonificha.

Kesho yake kisanduku kilirudishwa mahali pake, kibonyezo kikiwa nje. Mama akanipa nyundo, akaniambia nipige msumari mwingine pembeni, wa tasbihi. Mashine ingoje dakika zake, alisema, na yeye atangoja zake, magoti yatavumilia. Niliupiga ule wa pili juu kidogo kuliko wa mashine. Mama aliutazama, akainua mkono, akatundika tasbihi.