Nimezima kanisa nikitafuta fyuzi ya nyumba

Leo nimezima kanisa. Haki sikukusudia.

Rafiki yangu anataka kununua nyumba hapa Ndhiwa, akaniomba mimi fundi wa stima niikague kwanza. Nikamuuliza mwenye nyumba, Baba Akinyi, fyuzi kubwa ya kuingiza stima iko wapi.

"Hii hapa, nyathina, mwanangu," akanionyesha kisanduku nyuma ya mlango. "Zima hiyo, nyumba yote inalala."

Nikazima.

Taa za nyumba zikaendelea kuwaka. Lakini kwa kanisa la jirani, mchungaji aliyekuwa akinguruma kwa spika akakatika katikati ya neno.

Yaye!

Ndipo Baba Akinyi akakumbuka kwamba aliwahi kuwavutia watu wa kanisa stima kutoka kwake. Bila aibu akanyakua bisibisi, akaelekea kwa waya mnene unaoingia kutoka kwa nguzo. "Basi itakuwa huku. Wacha nifungue nione."

Nilimvuta shati mpaka kifungo kikaruka.

"Baba, huo unafuatwa kwa macho tu! Bado una stima!"

Tukaufuata kwa macho hadi nyuma ya kabati. Fyuzi yenyewe ilikuwa pale chini ya mita, imepigwa sili. Hiyo hufunguliwa na watu wa kampuni ya stima peke yao, si mimi, si yeye.

Tukigeuka, mchungaji yuko mlangoni na jasho tele.

"Nilikuwa nimefika pale pa kumkemea shetani," akasema. "Mmemwokoa."

Nikakimbilia kile kisanduku, nikawasha.