Picha ya Siku ya Mazishi

Kamera yangu ya sanduku niliinunua kwa mzungu aliyekata tamaa ya dhahabu kule Mkwajuni. Hakunifundisha mengi: jua liwe mgongoni, sanduku ulibane kifuani. Mengine nilijifunza kwa kuharibu filamu. Mawingu yakitanda, tundu la nuru liache wazi kwa muda, kamera ikae juu ya kitu imara, na wanaopigwa wasitikisike hata kidogo.

Masika moja jirani yetu hapa Mbozi, mkulima wa kahawa, alifariki. Mkewe alinijia kaburi likiwa bado linachimbwa.

“Mwanangu, chukua kamera yako uje. Kaka yako yuko ng’ambo kwenye migodi ya shaba, hatawahi mazishi. Nataka amwone baba yake.”

Sikuwahi kupiga picha ya maiti. Niliogopa, lakini nikamfuata.

Mdogo wa marehemu alisimama mlangoni. “Shemeji, maiti huzikwa, hapigwi picha.”

“Mwanawe akifika akaliuliza kaburi, utamjibu wewe?”

Akatupisha.

Ndani kulikuwa na giza, kwa hiyo tulimtoa marehemu na kitanda chake mpaka barazani. Mvua ilikuwa ikinyunya. Mama aliketi akakiegemeza kichwa cha mumewe mapajani, mabinti wakasimama nyuma. Niliweka kamera juu ya kinu kilichopinduliwa, nikawaomba wazuie pumzi. Nilipofungua tu tundu, binti mdogo alianza kulia, na wote wakalia naye.

Filamu ilisafishwa kwenye duka la Mhindi, Mbeya. Picha iliporudi, nilitamani kuichana. Waliokuwa hai walikuwa kama moshi, hawana macho wala midomo. Marehemu peke yake ndiye aliyeonekana sawasawa, mpaka mvi za kidevuni.

Mama aliitazama kwa muda mrefu. “Kumbe ndivyo tulivyokuwa,” akasema, akaifunga kwenye pindo la kanga.

Kijana wake alirudi kutoka migodini kahawa ikianza kuiva. Alipoonyeshwa picha aliuliza, “Huyu aliyempakata baba ni nani?”

“Ni mimi, mwanangu.”

Alikaa chini akalia kwa mara ya kwanza tangu afike. Baadaye akaniomba nimpige mama yake picha nyingine, ili aende nayo migodini. Mama alikataa: “Ile ya barazani inatosha.” Tulimsihi sana, yeye akachukua kapu lake, akaelekea shambani.