Mulamula wa Kati

Asubuhi ile Adelgunda alikaa mlangoni, mguu mbovu ameunyoosha juu ya mkeka. Nilimletea chai. Simu ilikuwa mkononi mwake, inalia tup, tup, kama maharage yanayochemka.

"Bado yanapasuka?" nikamuuliza.

"Yanapasuka."

"Kunywa chai."

"Ngoja nimalize haya ya njano."

Chai ikapoa. Akainywa hivyo hivyo, akaisifu. Hiyo ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida. Mchana wazee walikuja mpakani. Jioni kifua kikambana, tukampeleka hospitali, na mlangoni hakukaa tena.

Alizaliwa Rugera, akaolewa hapa Kanoni. Shule hakusoma, kama mimi. Tulipomaliza harusi nilirudi Kyerwa, nilikokuwa nachimba madini ya bati. Nyuma yangu baba yangu na mdogo wake wakagawana kibanja, shamba letu la migomba. Kwetu mpaka ni mulamula, ule mti mwembamba wa majani marefu. Ukikata tawi ukalichomeka, linashika. Ukishashika, mtu mwenye akili haugusi. Bibi arusi akabebeshwa matawi. Baba anachimba, mdogo wake anashindilia, yeye anawapa. Wazee hao walishakufa. Aliyebaki kuuona mpaka ule ukipandwa ni yeye peke yake.

Karibu na mpaka, upande wetu, amelala mtoto wetu wa kwanza. Hakutimiza mwaka. Adelgunda alikuwa akiniambia, "Nikifa mnilaze pale. Mtoto amekaa peke yake sana."

Placidius ni mtoto wa yule mdogo wa baba. Mwaka jana alipata mnunuzi wa shamba lake, mfanyabiashara kutoka Bukoba. Hapo ndipo nikaanza kusikia kwamba mpaka wetu una kona. Eti unashuka vizuri, ukifika katikati unaingia kwetu, unalizunguka kaburi, kisha unarudi.

"Kona hiyo ipo tangu zamani, kaka," aliniambia. "Kaburi liko kwangu. Sitalifukuza."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda kuangalia, nikakuta mulamula kweli umesimama pale anaposema. Lakini migomba imesongamana, huwezi kuuona mstari wote. Na mimi siku ya kupanda sikuwapo. Ningeapa nini?

Mguu Adelgunda aliuvunja kwenye mteremko wa kisimani. Binti yetu Prudensia, anayefanya kazi Bukoba, akamwachia simu yenye mchezo ili asichoke kukaa. Ni matunda ya rangi. Unasogeza moja, yakikaa matatu ya namna moja kwenye mstari, yanapasuka. Mwanzoni alicheza kidogo. Baadaye kutwa nzima.

Kisha mambo yakaanza. Tulikuwa tunachambua kahawa, akasema, "Baba Prude, hizi nyekundu zinataka kukaa pamoja." Siku nyingine tunasali rozari, nikaona kidole chake kinaisukuma punje pembeni badala ya kuishusha. Kanisani ndiyo akanitisha. Walikaa akina mama wawili wenye vitambaa vya njano, katikati yao mke wa katekista na kitambaa cha kijani. Akaninong'oneza, "Yule wa kijani akibadilishana na yule wa njano nyuma yake, wanapasuka wote."

Niliogopa. Hapa kwetu bibi kizee akiona visivyoonwa na wenzake, jina hapati zuri.

"Usimwambie mtu," nikamwambia.

"Nimwambie nani?"

Ndipo akaja yule binti, Joyness, wa Muleba. Suruali, begi mgongoni, shavu moja limejaa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na chuo, babu. Nafanya utafiti. Nauliza watu wanaocheza michezo ya simu wanaona nini wakishaweka simu chini."

"Chuo kinatuma mtu mpaka huku kumuuliza bibi anaona nini?"

"Ndiyo, babu."

"Na nani alikuambia hapa kuna bibi?"

Akasema aliambiwa njiani. Njiani na nani, hakusema. Adelgunda akamkaribisha mkekani. Binti akaomba ruhusa ya kurekodi sauti, akapewa. Mimi nisingempa.

"Haya siyo maradhi, bibi," alisema. "Mtu akicheza sana, jicho linaendelea na kazi hata simu ikizimwa. Yanawapata wengi. Kule Songambele yupo dereva wa bodaboda anacheza mchezo wa magari. Akiingia barabarani, kila lori analitafutia upenyo."

"Basi mimi nina heri," Adelgunda akasema. "Nimetaka kumhamisha mke wa katekista tu. Sijamgonga."

Wakacheka wote wawili. Nikawaletea kahawa ya kutafuna, kama mgeni anavyopewa. Binti akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia mfukoni. Nikaona. Mgeni anayebeba kahawa yako badala ya kuitafuna anaipeleka wapi? Alipotoka akapanda pikipiki ya Placidius.

"Umeona?" nikamuuliza mke wangu.

"Nimeona shavu limevimba. Mtoto ana jino bovu, atatafunaje?"

"Na pikipiki?"

"Huku bondeni pikipiki ni hiyo moja. Ulitaka apande mbuzi?"

Sikuridhika.

Mchana ule wa mwisho alikuja mwenyekiti wa kitongoji, Rogasian, na wazee kadhaa, kusikiliza shauri la mpaka. Adelgunda alitembea kwa fimbo mpaka kaburini. Placidius akaanza yeye.

"Mwenyekiti, mimi simtukani shemeji yangu. Lakini shahidi wao ndiye huyu. Anaona matunda vichwani mwa akina mama kanisani. Alitaka mke wa katekista ahame benchi. Mpaka chuo kimeleta mtu wa kumpima."

Damu ikanipanda. Maneno ya kanisani yalikuwa kwenye ile sauti ya binti. Nikamgeukia Adelgunda. Akaninong'oneza, "Nilimwambia Benadeta." Benadeta ni jirani yetu wa juu, na mdomo wake hauna mlango.

Rogasian akauliza, "Mama Prudensia, haya ni kweli?"

"Ni kweli."

"Unayaona hata sasa?"

Aliangalia juu, akaangalia chini. Miezi ile niliikata migomba mizee michache, kwa hiyo alipokuwa amesimama aliweza kuona mbali.

"Sasa naona miti mitatu," akasema. "Wa juu, wa kati, wa chini. Wa kati umetoka mstarini. Wenzake wanauita."

Wazee wakacheka, Placidius kuwazidi wote. Nilijua hiyo ni simu inasema, na kaburi limekwenda.

Akajikokota hatua kadhaa, akapiga fimbo chini, kwenye nyasi tulizotandaza migombani.

"Chimbeni hapa."

Elipidius, mmoja wa wazee, alikuwa na jembe. Akafunua nyasi, akachimba kidogo tu. Kikatokea kisiki cha mulamula, kimekatwa kwa panga, udongo umerudishiwa juu. Ubavuni kilikuwa kinachipua, chipukizi jeupe lisilojua jua. Cheko likaisha. Ule mulamula wa kwenye kona, Elipidius akautikisa, ukaja na mizizi michanga kama ya mboga.

Placidius akasema labda ni vibarua wake waliokosea. Hakuna aliyemuuliza vibarua gani. Rogasian akasema mpaka utabaki pale kisiki kilipo, na chipukizi lisiguswe.

Mnunuzi hakurudi tena. Tulimlaza Adelgunda pembeni ya mtoto. Placidius alikuja msibani, akashika jeneza. Nilimwangalia miguu muda wote, nione anakanyaga wapi. Mpaka leo jioni nikipita pale, nahesabu miti.

Joyness naye alikuja kutoa pole. Shavu lilikuwa limeshuka. Nilimpa kahawa, akatafuna mbele yangu. Nikamuuliza, "Ni ule mchezo uliomwonyesha, au aliukumbuka mpaka wake?"

"Sijui, babu," akasema. "Siwezi kusema kitu ambacho sijui."

Jibu hilo lilinipunguzia shaka juu yake kidogo. Si lote.

Watu wanasimulia kila mtu lake. Benadeta anasema Adelgunda alioteshwa. Wengine wanasema simu ina macho. Mimi nilikuwapo. Kisiki kilipotokea, Placidius alijaribu utani wa mwisho, "Shemeji, au na hiki nacho ni cha kwenye simu?" Adelgunda aliegemea fimbo yake, akamjibu taratibu, na maneno yake ni haya:

"Matunda ya simu, shemeji, nikitulia kidogo yanaondoka yenyewe. Hiki mwenye panga alitaka kiondoke, na kimechipua."