Mama Aliyelinda Kidonda

Yule mama wa Sigalagala aliyemkatalia mchungaji asimguse mumewe ametutoka. Jirani yake alinipigia simu Jumatatu asubuhi, nikabaki nimeshika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Wasomaji wangu hamkumjua. Mimi nilikuwa sebuleni mwake siku ile, na hofu niliyoiona mle bado naikumbuka.

Mumewe alikuwa ametoka kupasuliwa moyo. Mfupa wa kifua ulikatwa, ukafungwa kwa waya, na daktari alimwonya mkewe kwamba vijidudu vikiingia kidondani vitafika mfupani, na huenda mgonjwa asipone. Mama akaweka beseni na sabuni mlangoni. Lakini sisi watu wa Kakamega, mgonjwa akirudi, ukoo mzima huja na ingokho, yaani kuku, na nyimbo, na kumwombea bila kumwekea mikono panapouma tunaona ni nusu maombi. Mchungaji, mikono ingali na vumbi la pikipiki, akalipita beseni, akamfungua mgonjwa shati. Mama akajitia katikati. "Mchungaji, osha mikono. Na hata ukiosha, ombea hapo kwa kiti." Shangazi wa mume, tunayemwita Senge, akafoka: "Sisi tunashikanga mgonjwa tukiomba! Unakataza Mungu?" Naye akajibu: "Mungu anasikianga hata kutoka kwa kiti, Senge. Ni kidonda nakataza watu." Alipogeuka kulifunga shati, akaona wekundu chini ya mshono, na majimaji. Akaita gari palepale. "Unamrudisha kwa visu?" shangazi akamwambia. "Akifa, utatueleza!" Mama alikuwa akitafuta viatu vya mumewe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hospitalini walikuta uchafu ungali juujuu, wakausafisha, na mtu akapona. Hata hivyo mama huyo aliitwa mwenye kiburi miaka yote iliyofuata, na hilo linanikera hadi leo. Tunawasifu wapasuaji, tena wanastahili, lakini kidonda hurudi nyumbani, kikakutana na sisi na mapenzi yetu yasiyonawa.

Jumamosi tulimzika. Aliyetupa udongo wa kwanza ni mumewe, mzima, yule waliyekuwa tayari kumlilia. Shangazi, sasa mkongwe, alifika kumpa pole, lakini kabla ya kumshika alipitia bombani. Hakukuwa tena na kidonda cha kulinda. Alinawa hata hivyo, polepole, huku analia. Msomaji, usingoje msiba ukufundishe: ukienda kumwona mgonjwa, anza bombani.