Season ya kwanza ya "Wodi ya Pole" ilivyoninyima kumuona baba yangu mara ya mwisho

Wakuu, habari za humu ndani.

Wiki iliyopita kuna jamaa alifungua uzi anatafuta ile komedi ya zamani ya hospitali, "Wodi ya Pole". Anataka season ya kwanza. Nimesoma comments zote. Mmecheka weee, mmekumbushana vituko, mwingine anasema ile ndiyo komedi, za siku hizi takataka.

Sikuchangia. Nilizima simu nikalala, usingizi haukuja. Leo naandika yangu, na anayetaka kuniita muongo aniite tu. Mama yangu yu hai na alikuwepo.

Kwa waliozaliwa juzi: ile ilikuwa miaka ya soko huria, TV za watu binafsi ndo zinaingia. Kwetu Kongwa zilikuwa za kuhesabu. Moja ilikuwa baa ya pale stendi, ina ungo wa satelaiti, na siku ya "Wodi ya Pole" watu walijaa mpaka madirishani.

Yule mliyemjua kama Dokta Pole, daktari wa hospitali isiyo na dawa, yule wa "Dawa hakuna, pole ipo!", jina lake Mrisho. Hakuwa msanii. Alikuwa fundi baiskeli Mpwapwa. Mnyamwezi, babu zake walikuja na misafara enzi hizo, wapagazi wa mizigo, wakabaki hapohapo.

Sisi ni Wagogo. Kwa hiyo Mrisho ni mtani wetu.

Najua vijana wa mjini utani mnaoujua ni wa mpira. Huu wa kwetu ni wa makabila, mnatukanana na hakuna kununa, na una kazi yake. Mgogo akifa, mtani ndiye anayevaa nguo za marehemu siku ya mazishi. Anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, anafokea watoto kama yeye. Watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Wakimaliza hapo, wanakwenda kuzika wakiwa wepesi kidogo.

Na kwa hiyo kazi Mrisho hakuwa na mpinzani. Nimewahi kumuona akimuigiza marehemu mwalimu wetu, mke wa mwalimu akaitika "abee" kabla hajakumbuka kwamba mumewe yuko kwenye jeneza.

Yeye na baba walikuwa chanda na pete. Baba alikuwa mfanyakazi wa ranchi, Mzee Ndahani. Mrisho akitokea tu getini, baba anapaza sauti: "Mpagazi! Mizigo ya nani leo?"

"Yako, ombaomba wewe! Nimekuletea kopo jipya!"

Mama anacheka, chai inawekwa.

Baba hakupenda kupigwa picha. Ukimwambia twende studio anakujibu, "Ya nini? Picha yangu anayo Mpagazi. Siku nikifa mtaniona." Tuliona ni masihara ya wazee.

Basi bana. Kuna director kijana kutoka Dar alipita Mpwapwa, akakuta msiba, akamuona Mrisho kazini. Akasema huyu huyu. Wakachukua nyumba moja Dodoma mjini, wakaipaka chokaa, wakaweka vitanda, ikawa hospitali. Mrisho akavishwa koti jeupe.

Baba alifurahi kuliko hata mwenyewe Mrisho. Jioni ya kipindi alikuwa anawahi kiti cha mbele pale baa, anawatambia watu, "Huyo mtumwa wangu huyo."

Lakini kuna jambo Mrisho aliniambia siku moja tumekutana stendi ya Dodoma, nikalichukulia kawaida. Nilimwamkia, akaitika marahaba kwa sauti ya Dokta Pole. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akasema, "Mwanangu, yule kijana kaniambia nisibadilishe kitu. Mwendo uleule, sauti ileile, kila episode. Hata nyumbani nafanya mazoezi nisiipoteze. Mke wangu kachoka."

Nikamwambia ndiyo ustaa huo, mzee. Mjinga mimi.

Season ikiwa katikati, baba akaanza kukohoa. Akalazwa. Hospitali za wakati ule wakubwa wenzangu mnazijua: kadi unachangia, dawa unaandikiwa ukanunue nje. Mama anasema kila muuguzi akisema dawa hakuna, wodi nzima ya wanaume inaitikia "pole ipo!" Na baba naye anaitikia, halafu kikohozi kinamshika mpaka anajikunja.

Mimi nilikuwa Mwanza, mafunzo ya kazi. Nilipigiwa simu ofisini, "njoo". Hakuna aliyesema kafariki ila unajua tu. Basi likaharibika njiani, tukalala Singida. Nafika Kongwa, jeneza limeshapigwa misumari na mchungaji anaangalia saa.

Sikumuona. Nilikuwa sijamuona karibu mwaka mzima, na sikumuona.

Kaka akanishika bega akasema, "Tulia. Mrisho yupo ndani anavaa."

Jamani, sijui niwaeleze vipi. Nilishusha pumzi kabisa. Nikasema haya, nitamuona.

Uwanja ulikuwa umefurika. Nikadhani baba alipendwa kweli. Kumbe nusu ya wale watu walisikia Dokta Pole anakuja.

Mrisho akatoka. Koti la baba, kofia ya baba, fimbo ya baba. Akapiga hatua mbili.

Wakuu, zilikuwa hatua za baba. Bega la kushoto limeshuka, mguu unaburuzwa kidogo, fimbo inatangulia. Mama akasema "Yesu wangu" na kunishika mkono. Nilimuona baba kwa hatua mbili. Akafungua mdomo aongee.

Kijana mmoja juu ya ukuta akapiga kelele, "Dokta! Dawa zimekuja?"

Kicheko. Mrisho akasimama. Akajikohoza kama baba, akaanza upya.

"Dokta Pole! Dokta Pole!" Sasa siyo mmoja, ni uwanja mzima, watoto wanapiga makofi. Kaka anawafokea, nani amsikilize?

Nilimuona Mrisho anaangalia huku na huku kama ng'ombe aliyezingirwa. Halafu bega likapanda. Mgongo ukanyooka. Na ndani ya koti la baba yangu akasema, "Dawa hakuna..."

Na umati ukamalizia.

Mama aliinuka akaingia ndani. Tulizika watu wakiwa bado wanachekeana. Mimi sikulia hata tone, nilikuwa na hasira tu.

Baada ya matanga Mrisho alikuja nyumbani, peke yake, kwa baiskeli. Hakuna aliyemwita mpagazi. Alikaa, chai ikapoa. Halafu akamwambia mama, "Mtani, nipe koti. Nina deni."

Mama akaleta. Tulikuwa watatu tu: mama, kaka na mimi. Hakuna umati, hakuna kelele.

Akavaa. Akasimama katikati ya chumba. Akashusha bega, likapanda lenyewe. Akalishusha tena. Akatembea, ikawa mwendo wa daktari. Akajaribu kukohoa, akajaribu sauti, na kila alichotoa ni yule mtu wa kwenye TV. Jasho linamtoka, mzee wa watu anarudi mlangoni anaanza tena.

"Alikuwa hapa," anajigonga kifua. "Alikuwa hapa, mtani, naapa. Sijui kaenda wapi."

Mama akamvua koti taratibu kama anamvua mtoto. "Basi, mtani. Acha."

Akalia pale sakafuni. Ndipo na mimi nikalia, kwa mara ya kwanza.

Season two haikuja, wanasema mdhamini alijitoa. Mrisho alirudi kwenye baiskeli zake, na hakuna msiba uliomuita tena. Naye ameshatangulia. Simlaumu. Director naye simlaumu, alikuwa anatafuta riziki. Ila mkinitumia clip za ile komedi sitazifungua, msihangaike.

Nilichojifunza ni kidogo: mtu wako msikilize mwenyewe akiwa hai, usimuachie mwingine akutunzie. Mimi hatua mbili ninazo. Sauti ya baba imenipotea kabisa, na mama naye sasa anachanganya.

Kwa hiyo karibuni mchangie, ila nina ombi. Kama humu kuna mtu aliyefanya kazi ranchi ya Kongwa miaka ile, au mzazi wake alifanya, akamfahamu Mzee Ndahani, tafadhali aandike hapa. Hata kitu kidogo.

Alikuwa anaongeaje?